Bosanova ya mwimbaji mmoja na ogani moja: hatua kwa hatua

Wapiga ogani wengi ninaowafahamu walijifunzia kanisani, na mkono uliolelewa na tenzi huja na mazoea mawili yanayoiua bosanova, muziki laini wa Brazili: kushikilia noti na kumsubiri mwimbaji. Hatua hizi zinapambana na hayo mawili kwanza.

Hatua ya 1: Sikilizeni pamoja

Tafuteni albamu ya A Certain Smile, a Certain Sadness, iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya Verve mwaka 1966. Anayeimba ni Astrud Gilberto, mzaliwa wa Salvador. Kwenye ogani yuko Walter Wanderley wa Recife. Sikilizeni jinsi Wanderley anavyokata kodi zake (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) fupifupi. Uzi wa gitaa ukiupiga hufifia wenyewe, lakini ogani inalia mpaka unyanyue kidole. Kunyanyua kidole ndiyo kazi yenyewe.

Hatua ya 2: Ufunguo

Anachagua mwimbaji. Asome mashairi kwa sauti ya mazungumzo, kisha tafuteni ufunguo unaoiacha sauti yake palepale. Maikrofoni iwe karibu na mdomo, asisukume, asitetemeshe mwisho wa mstari.

Hatua ya 3: Andaa ogani

Kwenye Hammond B-3, ogani ya umeme yenye safu mbili za vitufe, safu ya juu, vuta drobari (vijiti vya kuvuta vinavyochanganya sauti) ya kwanza na ya tatu hadi 8, nyingine zote ziwe sifuri. Washa perkashini (mgoto mfupi mwanzoni mwa noti), laini na ya kufifia haraka. Hapa kuna siri nzuri ya chombo hiki: mgoto wa perkashini hausikiki upya mpaka vidole vyote vimetoka kwenye safu ya juu. Ukiburuza kodi, unasikika mara moja tu. Ukikata, kila kodi inapata mgoto wake.

Spika ya Leslie, ile inayozunguka na kuitikisa sauti, iache polepole au isimame kabisa. Mwimbaji ameinyoosha sauti yake. Usiitikise chini yake. Kama una kinanda cha kawaida cha umeme, chagua mlio wa ogani ulio mkavu kuliko yote.

Hatua ya 4: Mkono wa kushoto

Besi tu, safu ya chini: noti ya msingi pigo la 1, noti ya tano pigo la 3. Kasi iwe kama mapigo 120 kwa dakika. Msipambe.

Hatua ya 5: Mkono wa kulia

Msingi umeshapigwa na besi, kwa hiyo uache. Kwa D ndogo ya saba (Dm7) shika F, C, E. Kwa G ya saba (G7): F, B, E. Kwa C: E, B, D. Tazama: kutoka ya kwanza kwenda ya pili kinasogea kidole kimoja, C kwenda B, nusu toni.

Sasa hesabu kwa sauti, “moja na mbili na tatu na nne na”. Kipimo cha kwanza, piga kodi na kuikata kwenye 1, kwenye “na” ya mbili, na kwenye 4. Kipimo cha pili, kwenye 2 na kwenye “na” ya tatu. Rudieni bila kuimba hadi mkono ujiendeshe. Hapa ndipo watu huharakisha, na wimbo wote hulipia.

Kodi zikigongana na sauti ya mwimbaji, zipandishe oktava moja. Kupunguza sauti ya ogani hakutatui, kwa sababu bado mmekaa mahali pamoja.

Hatua ya 6: Aimbe, usimsubiri

Mwimbaji wa bosanova huingia kwa kuchelewa kidogo, kisha hulipa deni mwishoni mwa mstari. Uzuri uko kwenye ule mvutano, na haupo kama mpigaji naye amesimama kumngoja. Kwa hiyo macho yasiwe kwake. Masikio yawe kwenye besi yako.

Vijibwagizo vya ogani viingie anapovuta pumzi tu, noti tatu au nne, halafu toka kabla hajafungua kinywa.

Hatua ya 7: Kumaliza

Rudieni mstari wa mwisho mara tatu. Mara ya tatu, simamisha besi kabla ya neno la mwisho, mwimbaji alimalize peke yake, kisha piga kodi moja fupi ya C, na mguu usikanyage pedali ya sauti.