Jinsi ya kupata nakala ya faili lako la hospitali, na kulilinda

Karatasi za faili ni za hospitali, ila taarifa zilizomo ni zako, na katika nchi nyingi sheria inakupa haki ya kuzisoma na kupewa nakala.

Peleka barua ya kuomba nakala masjala ya wagonjwa, yaani ofisi inayotunza mafaili, si kwa daktari. Daktari aliye katikati ya kliniki ataisahau mezani. Andika jina lilivyo kwenye kadi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya faili na tarehe za matibabu, kisha ambatanisha nakala ya kitambulisho. Jina likiandikwa kwa tahajia mbili huzaa mafaili mawili, kwa hiyo taja majina yote uliyowahi kujiandikisha nayo. Nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa.

Taja unachotaka kimoja kimoja. Ukiomba "faili" tu, mara nyingi utaambulia muhtasari wa ukurasa mmoja. Omba maelezo ya daktari, majibu ya maabara, ripoti ya upasuaji, chati ya dawa, na picha zenyewe za eksirei pamoja na ripoti yake. Mtaalamu mwingine akipata ripoti bila picha, huenda ukapigwa picha upya. Kabla ya kuondoka, kagua jina kwenye kila ukurasa, kundi la damu na mzio wa dawa.

Ukikuta kosa, usidai lifutwe. Kumbukumbu ya tiba huonyesha daktari alijua nini alipofanya uamuzi, ndiyo maana huongezwa sahihisho lenye tarehe na saini, na maandishi ya awali hubaki. Andika wazi: "Ukurasa wa 4 unasema sina mzio wa penisilini, ninao." Wakikataa, omba pingamizi lako liwekwe ndani ya faili.

Mwajiri, kwa kawaida, anahitaji kujua kama unaiweza kazi na utapumzika siku ngapi, basi. Jina la ugonjwa halimhusu. Fomu ya bima inayoruhusu "taarifa zote za afya" ni pana mno: kabla ya kusaini, omba itaje tukio na tarehe husika pekee. Zipo taarifa zinazotoka bila ridhaa yako, kama zinazotakiwa kwa amri ya mahakama au za magonjwa ambayo sheria inataka yaripotiwe.

Ukihisi mtu amechungulia, omba orodha ya waliolifungua faili. Mifumo mingi ya kompyuta hurekodi mtumiaji na saa. Wafanyakazi wakitumia nywila moja, orodha hiyo haitakuambia kitu, na hilo lenyewe ni jambo la kulalamikia kwa maandishi: kwanza kwa uongozi wa hospitali, kisha kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi.