Kagua kasi ya vifaa vya zamani kabla ya kuhamia swichi za Gen 6
Kabla ya kuhamishia mtandao wa hifadhi ya data kwenye swichi za Fibre Channel (teknolojia ya kuunganisha seva na vifaa vya hifadhi) za Gen 6, yaani kizazi cha sita, kama vile Brocade G620, endesha amri ya switchshow kwenye swichi ya zamani na uangalie safu ya kasi, kwa sababu poti inayoonyesha N4 ina kifaa, mara nyingi kiendeshi cha tepu za nakala rudufu, kinachowasiliana kwa gigabiti 4 tu kwa sekunde. Moduli ya SFP+ (kipande kinachochomekwa kwenye poti ili kupokea kebo) ya gigabiti 32 hushuka hadi 16 na 8, wala haishuki zaidi ya hapo. Kwa poti hizo agiza moduli za gigabiti 16, ambazo bado hukubali 4. Ukiziagiza baada ya kuhama, nakala rudufu za usiku zitakwama.