Prosesa Inapokataa Kasi Yake ya Zamani Baada ya Mipangilio ya Ubao Mama Kufutwa

Kompyuta iliyoendesha prosesa yake kwa gigahezi 5 kwa miezi mingi bila tatizo inaweza, baada ya mipangilio ya ubao mama kufutwa, kuikataa kasi hiyohiyo hata kama umeiandika upya tarakimu kwa tarakimu. Kizidishi, yaani namba inayozidishwa na kasi ya msingi kupata kasi ya prosesa, ni 50, kasi ya msingi ni megahezi 100, volti ni 1.25 kama zamani, lakini Windows inaanza kuwaka kisha inaishia kwenye skrini ya buluu. Wengi hapo hukimbilia kuongeza volti, na hapo ndipo wanapokosea. Kizidishi na volti ni mambo mawili tu kati ya mengi yaliyokuwa yakiishikilia kasi ile. Mengine, ambayo huenda uliyabadilisha siku moja ukayasahau, yamerudi kimyakimya katika hali ya kiwandani, na ni hayo unayopaswa kuyatafuta kwanza.

Kabla ya kuilaumu kasi, iache kompyuta katika mipangilio ya kiwandani na uangalie kama inawaka na kufanya kazi kama kawaida. Kufutwa kwa mipangilio hurudisha nyuma pia namna ubao mama unavyozisoma diski. Iwapo Windows ilisakinishwa diski zikiwa katika hali ya RAID (diski kadhaa kusimamiwa kama kundi) na sasa zimerudi katika AHCI (kila diski peke yake), itagoma kuwaka na kuonyesha ujumbe wa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, jambo ambalo halihusiani na prosesa hata kidogo. Vivyo hivyo, mabadiliko katika TPM au Secure Boot, ambayo ni mipangilio ya usalama ya ubao mama, yanaweza kuifanya BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga data ya diski, ikudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, kwa hiyo hakikisha unao karibu. Rekebisha pia tarehe na saa. Ikiwa zinapotea kila unapochomoa waya wa umeme, betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama imekwisha na mipangilio utakayoirudisha leo huenda ikafutika tena. Ibadilishe kabla ya kuendelea.

Kompyuta ikishatulia katika hali ya kiwandani, usiwashe XMP wala EXPO, mipangilio inayopandisha kasi ya kumbukumbu, kwa sasa. Kumbukumbu (RAM) iliyorudi katika kasi yake ya kawaida, kwa mfano 2133 au 2400 kwa DDR4 na mara nyingi 4800 kwa DDR5, ni faida kwako wakati wa uchunguzi, kwa kuwa inakuondolea mshukiwa mmoja. Kosa la kumbukumbu na kosa la prosesa hufanana sana kwa dalili, na anayeyajaribu yote mawili kwa pamoja hatajua lipi limemwangusha.

Sasa tufike kwenye mpangilio ambao, kwa maoni yangu, husahaulika kuliko yote: ule unaodhibiti kushuka kwa volti wakati prosesa inapobebeshwa kazi, ambao kwenye BIOS nyingi (programu ya ubao mama yenye mipangilio hii) huandikwa LLC au Load-Line Calibration. Volti unayoiandika siyo volti inayoifikia prosesa wakati wote. Viini vyote vinapoingia kazini, mkondo wa umeme hupanda na volti hushuka, na kiasi cha kushuka huamuliwa na mpangilio huu. Ukiwa ulikuwa umeuweka katika kiwango cha kati na sasa umerudi katika Auto, ile 1.25 uliyoiandika inaweza kushuka chini ya kile ambacho prosesa inakihitaji kwa gigahezi 5, ingawa tarakimu kwenye BIOS haijabadilika. Ndiyo maana kompyuta huonekana nzima ukiwa unasoma barua pepe, kisha ikaanguka sekunde chache baada ya kuanza kazi nzito. Fungua HWiNFO, programu inayosoma vipimo vya kompyuta, ianzishe kazi nzito katika kasi ambayo prosesa inaimudu, na uilinganishe volti inayosomwa wakati wa kazi na ile uliyoiandika. Pengo likiwa kubwa, panda kiwango kimoja cha LLC, si viwili. Soma maelezo ya ubao wako kabla ya kuchagua, kwa sababu kwa watengenezaji wengine kiwango cha 1 ndicho kikali zaidi na kwa wengine ndicho dhaifu zaidi. Usikimbilie kiwango cha juu kabisa, kwani kazi inapokatika ghafla volti huruka juu kwa muda mfupi mno usioweza kuonekana kwenye programu, na miruko hiyo huichosha prosesa.

Angalia pia upunguzaji wa kasi kwa kazi za AVX, yaani hesabu nzito zinazoilemea prosesa kuliko kawaida. Kama zamani uliuweka kuwa 2, prosesa ilikuwa ikishuka hadi gigahezi 4.8 kila ilipokutana na kazi hizo. Ukirudi kuwa 0, sasa inalazimishwa kuzifanya kwa gigahezi 5 kamili, na Prime95, programu ya kuipima prosesa kwa kazi nzito, inaweza kuiangusha mara moja. Mipaka ya nguvu ya umeme nayo hurudi, lakini dalili yake ni tofauti: kompyuta haianguki, bali kasi hupungua yenyewe wakati joto bado liko chini.

Baada ya kuyarudisha hayo, anza na kizidishi cha chini ya kile cha zamani, tuseme 47, kisha upande hatua moja moja. Katika kila hatua ipe prosesa kazi nzito kwa nusu saa kwa OCCT au Prime95 huku ukiangalia joto, na ukiona prosesa ya Intel inakaribia nyuzi 100, au Ryzen ya mfululizo wa 7000 inakaribia 95, simama. Tatizo lako hapo ni upoozaji. Usitosheke na kuona kwamba haikuanguka. Fungua orodha ya matukio ya Windows (Event Viewer) na utafute WHEA-Logger: tukio namba 19 linamaanisha kosa limetokea na kurekebishwa, yaani prosesa iko ukingoni ingawa kompyuta bado inawaka. Ujumbe wa CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT kwenye skrini ya buluu mara nyingi huashiria kiini kilichoacha kuitikia kwa kukosa volti ya kutosha.

Hapo tu, ukiwa na ushahidi huo, ndipo uongeze volti, kwa hatua ya 0.01 na si zaidi. Nguvu inayotumika hupanda takriban kwa mraba wa volti, hivyo kutoka 1.25 kwenda 1.35 kwa kasi ileile ni ongezeko la karibu asilimia 17, na sehemu yote ya ongezeko hilo hugeuka joto. Prosesa ikitulia, washa XMP au EXPO na upime upya, safari hii ukiongeza MemTest86, programu ya kupima kumbukumbu. DDR5 inaweza kuchukua dakika kadhaa na skrini nyeusi ikijipima mara ya kwanza. Subiri, usizime umeme.

Kama mipangilio ilifutika kwa sababu ulisasisha BIOS, kumbuka kwamba toleo jipya linaweza kuwa limebadilisha namna volti inavyotolewa. Mwaka 2024 Intel ilitoa msimbo mdogo (microcode, maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 unaozuia prosesa za kizazi cha 13 na 14 kuomba volti zaidi ya 1.55, na mwaka 2023 AMD iliwekea mpaka wa 1.3 volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayosimamia kumbukumbu) katika Ryzen 7000. Usirudi kwenye toleo la zamani kwa ajili ya megahezi 100. Mipaka hiyo imewekwa kulinda prosesa. Na ikiwa umerudisha kila kitu, umesafisha vumbi na kubadilisha pasta ya joto, lakini bado prosesa inadai volti zaidi ya zamani, basi huenda imechakaa, na gigahezi 4.9 zinazodumu ni bora kuliko 5 zinazopoteza kazi yako.

Ukishapata mipangilio inayokaa, ihifadhi kama wasifu ndani ya BIOS, kisha piga picha kila ukurasa kwa simu, pamoja na mipangilio iliyoachwa kwenye Auto, kwa kuwa wasifu uliohifadhiwa na toleo moja mara nyingi hukataliwa na toleo linalofuata.