Kumlea muumini mpya: anza na mmoja

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kwenye mkutano wetu wa mwisho hapa Kisauni watu watatu waliokoka. Tulipiga vigelegele, tukaandika majina yao kwenye daftari. Leo anayekuja ibadani ni mmoja. Limeniuma sana, kwa sababu mahubiri yalikuwa mazuri. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kubisha hodi Jumatatu yake. Mathayo 28:19 inatuagiza tuwafanye watu kuwa wanafunzi, na mwanafunzi sharti awe na mtu anayemfundisha.

Hatua ya 1: Chagua mtu mmoja. Andrea alianza na ndugu yake Simoni (Yohana 1:41-42). Mwombee kwa jina wiki nzima kabla hujamwambia lolote. Mwanamume amlee mwanamume, mama amlee mama. Kwa hili mimi sina mjadala.

Hatua ya 2: Mfuate alipo. Nimemlea kijana anayeuza madafu karibu na feri, upande wa Likoni. Jumapili ndiyo siku yake ya mauzo, nami nilimlaumu kwa kukosa ibada mpaka nikaona namkimbiza. Nikaanza kumwendea Jumanne saa nane mchana, jua likiwa kali na wateja wachache. Nakalia kreti, yeye anachonga dafu, tunasoma Marko mistari kumi. Mteja akija tunanyamaza, akiondoka tunaendelea. Siku moja panga lilisimama. "Mzee, huyu mwenye ukoma, Yesu alimgusa akiwa ameshapona au bado?" Nikamwambia arudie kusoma. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. "Bado," akasema. "Alimgusa na ukoma wake." Dafu likabaki mkononi mwake mpaka mteja alipomkumbusha.

Hatua ya 3: Maswali matatu tu. Yesu amefanya nini hapa? Mimi nitafanya nini wiki hii? Nitamwambia nani? Mkikutana tena, anzeni na lile alilosema atalifanya. Marko ina sura 16. Sura moja kwa wiki ni kama miezi minne. Sisi tulichukua karibu mwaka, na haidhuru.

Hatua ya 4: Ashuhudie mapema. Dakika tatu zinatosha: nilikuwaje, nilikutanaje na Yesu, sasa nikoje. Mwanamke Msamaria aliuacha mtungi kisimani akaenda mjini siku ileile.

Hatua ya 5: Naye amlee mwenzake. Katika 2 Timotheo 2:2 mna vizazi vinne: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na hao wengine watakaofundishwa. Ukiishia kwa mmoja, umekata mnyororo.

Utachoka, nakwambia mapema. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mmisionari mwenzake Rebmann alifika 1846, akakaa mpaka 1875, akaondoka kituo chao cha Rabai amepofuka, na waumini aliowaacha walikuwa wachache mno. Panda leo Rabai Jumapili asubuhi usikie nyimbo.

MASWALI YA WASHIRIKA

Mama wa Bamburi: Majirani zangu ni Waislamu. Ramadhani wananiletea futari, Krismasi nawapelekea pilau. Nikishuhudia si nitavunja ujirani?

Jibu: Mama, futari ipokee na pilau ipeleke. 1 Petro 3:15 inatutaka tuwe tayari kumjibu anayetuuliza, tena kwa upole. Basi ngoja uulizwe, na ukiulizwa usijifiche. Usiikosoe dini yao. Usimfundishe mtoto wa mtu bila wazazi wake kujua. Na ukimpa jirani unga, mpe kwa kuwa ana njaa. Usimwekee sharti la kuja kanisani.

Kijana wa Changamwe: Nafanya shifti bandarini, wiki hii mchana, ijayo usiku. Ratiba hainikubali.

Jibu: Mtumiane sauti kwa WhatsApp, ila mara mbili kwa mwezi muonane ana kwa ana. Simu haionyeshi macho ya mtu.

Mshirika wa Likoni: Ndugu niliyekuwa namlea amerudia pombe ya mnazi. Wazee wanasema nimwache, anatia kanisa aibu.

Jibu: Usimwache, ndugu yangu. Wala usimwendee na msafara wa wazee, ataona kesi imemfika. Nenda peke yako asubuhi, kabla hajaenda mangweni, na mahamri na mbaazi mkononi. Kuleni. Muulize amelalaje, watoto wako vipi. Biblia ikae mfukoni siku hiyo, mpaka aiulize mwenyewe.

Mshirika wa Likoni: Asipofungua mlango?

Jibu: Mahamri mwachie mkewe, urudi Alhamisi.