Kuendesha dawati la kujumlisha kura usiku wa matokeo: mwongozo kwa runinga ndogo

Mtazamaji anayewasha runinga saa nne usiku wa uchaguzi ana swali moja tu: nani anaongoza? Dawati lenu linaweza kumjibu, mradi kila aliye studioni akumbuke kwamba namba iliyo kwenye kioo ni jumla ya fomu ambazo makarani wamezifikia kufikia dakika hiyo. Kura zimeshapigwa na zimelala masandukuni. Kinachopanda na kushuka ni mpangilio wa fomu. Anayesahau hilo hutangaza kwamba fulani "amempiku" mwenzake, kumbe karani amemaliza kaunti moja akaingia nyingine.

Kazi hii iliangukia vyombo vya habari mwaka 2022. Tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, iliweka picha za Fomu 34A za urais, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, kwenye tovuti yake, kila mtu azifungue, bila kuzijumlisha. Runinga zikaajiri makarani, kila moja ikaanza inapopajua, na Agosti 10 wananchi wakabaki wakibadilisha chaneli: huku huyu mbele, kule yule. Fomu zilikuwa zile zile.

Saa kwanza, namba baadaye

Vituo hufungwa saa kumi na moja jioni, ila aliye kwenye foleni saa hiyo hupiga kura, na kituo kilichochelewa kufunguliwa huongezewa muda wake. Masanduku ni sita na la urais hufunguliwa kwanza. Kila karatasi huinuliwa mawakala waione, ikatajwa, ikawekwa kwenye fungu lake. Chukua kituo chenye karatasi 450, sekunde nane kila moja: hiyo ni saa nzima, kabla ya kubishania zilizokataliwa, kujaza fomu, mawakala kutia saini na afisa kuipiga picha kwa KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha tume. Kwa hiyo usimwahidi mtazamaji lolote la maana kabla ya saa mbili usiku. Pangeni kipindi cha saa tatu za mwanzo kwa mambo mengine: foleni zilizobaki, vituo vilivyochelewa, maelezo ya fomu zenyewe. Mtangazaji aliyekalishwa mbele ya jedwali tupu ataanza kubuni uchambuzi, na huo ndio hurudi kuwaaibisha kesho yake.

Jambo dogo la studioni: mitambo ya michoro huandika 22:40, mtangazaji akasoma saa nne na dakika arobaini. Chagueni mtindo mmoja wa kuandika saa kwenye kioo. Picha ya skrini yenye saa isiyoeleweka husambaa kwenye WhatsApp usiku kucha, na saa nane usiku hakuna anayejua ilikuwa ya lini.

Makarani wangapi?

Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229. Karani mzoefu akitumia sekunde 45 kwa fomu, kuifungua, kusoma, kuandika na kuhifadhi, kazi yote ni kama saa 578. Kila fomu lazima iingizwe mara mbili na watu wawili wasioonana kazi, kwa hiyo zidisha: saa 1,156. Ukiwa na makarani 60 kwa zamu tatu, yaani 20 wakifanya kazi wakati wowote, utamaliza baada ya saa 58 hivi. Huo ni usiku wa kura, siku mbili nzima na masalio. Runinga yenye makarani 15 kwa jumla isijidanganye. Ifanye sampuli, nitaieleza hapa chini, au iungane na vyumba vingine vya habari na kugawana fomu.

Zamu isizidi saa nane, na saa ya nane ya usiku wa manane ndiyo mbaya kuliko zote. Chai na mandazi vifike saa tisa usiku bila kuombwa. Stima ikipotea, jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka, na sekunde hizo zinatosha kupoteza kila kilichokuwa hakijahifadhiwa. Kompyuta za dawati ziwe na betri zake. Intaneti iwe ya kampuni mbili tofauti, kwani tovuti ya fomu ikilemewa mtafikiri ni laini yenu, na laini yenu ikikatika mtafikiri ni tovuti.

Orodha ya vituo iingizwe kwenye lahajedwali siku kadhaa kabla. Kila kituo kina nambari yake, inayoanza na kaunti kisha eneobunge: Nairobi ni 047, na maeneobunge yake 17 yanaanzia 274, Westlands, hadi 290, Mathare. Karani asiandike jina la kituo kamwe. Achague kwenye orodha, programu imjazie jina na idadi ya walioandikishwa. Shule za msingi za Embakasi au Kasarani huwa na vituo vingi ndani ya uwanja mmoja, vyenye jina moja na tofauti ya tarakimu mbili za mwisho tu. Hapo ndipo kituo cha 3 kati ya 9 huingizwa mara mbili, na cha 4 hakiingizwi kabisa. Programu ikatae nambari iliyokwisha kuhifadhiwa. Orodha ya 2022 msiitumie tena Agosti 10, 2027. Subirini ile itakayochapishwa na tume kwa uchaguzi huo.

Kusoma fomu moja

Tuseme fomu iko mbele yako, na mwandiko ni wa mtu aliyeamka saa tisa za usiku uliopita. Mgombea wa kwanza ana 214, wa pili 187, wa tatu 3, wa nne 2. Jumla ya kura halali imeandikwa 406. Zilizokataliwa 4. Walioandikishwa 588.

Jumlisha mwenyewe: 214 na 187 ni 401, ongeza 5, ni 406. Sawa. Halali na zilizokataliwa ni 410, hazizidi 588. Sawa. Walioandikishwa hawazidi 700, kiwango cha juu cha kituo kimoja. Sawa. Programu ifanye majaribio haya matatu kabla ya kukubali fomu.

Sasa tuseme karani amesoma 274 badala ya 214, maana 1 ya afisa ina kofia na mkia kama 7. Jumla yake ni 466 na fomu inasema 406, programu inakataa. Lakini akikosea pawili kwa namna inayofidiana, mfano kubadilishana safu za wagombea wawili wa kwanza, jumla inabaki 406 na programu inanyamaza. Kosa hilo linashikwa na karani wa pili peke yake. Ndiyo maana kuingiza mara mbili si anasa, na ndiyo maana karani wa pili asionyeshwe alichoandika wa kwanza. Wakitofautiana, mhariri wa takwimu afungue picha aamue.

Fomu yenye jumla iliyokosewa na afisa mwenyewe, msiirekebishe. Wekeni kura za wagombea jinsi zilivyoandikwa, wekeni alama, endeleeni. Fomu isiyosomeka, iliyopigwa picha gizani au yenye kidole juu ya namba, iende kando kwenye fungu lake, na idadi ya fungu hilo itajwe hewani.

Tazameni pia safu ya zilizokataliwa kwa jicho la peke yake. Mwaka 2013 ubao wa matokeo ulionyesha kura zilizokataliwa zaidi ya 300,000, nchi ikaanza kubishana kama zihesabiwe kwenye asilimia, kisha ikabainika kwamba programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Mtu mwenye kalamu angeligundua jioni ile ile kwa kulinganisha ubao na fomu kumi tu. Kila saa, mpeni mtu mmoja fomu kumi za bahati nasibu azihakiki kwa mkono.

Mpangilio wa fomu ndio habari

Chukua maeneobunge mawili, kila moja na vituo 200, kila kituo kura 400. La kwanza ni ngome ya mgombea A, anapata asilimia 60, na vituo 150 vimeingizwa. La pili si lake, ana asilimia 30, na vilivyoingizwa ni 50. Ukijumlisha kikawaida, A ana kura 42,000 kati ya 80,000: asilimia 52.5, anaongoza. Lakini ukiipa kila sehemu uzito wa vituo vyake vyote, A ana 72,000 kati ya 160,000: asilimia 45, ameachwa mbali. Hakuna aliyeiba kura. Dawati limeanzia upande mmoja.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuchanganya: programu iwagawie makarani fomu kwa bahati nasibu, au kwa mzunguko, wadi moja kila kaunti, kaunti 47, kisha mnarudi. Karani asijichagulie, kwani kila mtu huanza kwao. Ya pili ni kuonyesha hesabu mbili, ya kura zilizojumlishwa na ile iliyopimwa uzito kwa eneobunge. Runinga ndogo inaweza kuishi kwa sampuli: chora vituo 1,000 kwa bahati nasibu kabla ya siku ya kura, ukigawa kwa kila kaunti kulingana na ukubwa wake, uvifuate hivyo tu hadi mwisho. Kituo kisichotuma fomu hakibadilishwi na jirani yake. Na sampuli ina kosa lake la asilimia kadhaa. Mwaka 2022 tofauti ya wagombea wawili ilikuwa chini ya asilimia mbili, kwa hiyo jibu la kweli la sampuli lingekuwa "wako karibu mno".

Kwenye kioo kusikosekane vitu vinne: chanzo, idadi ya vituo, idadi ya kaunti zilizoguswa, na saa. Kwa mfano: "Hesabu yetu kutoka Fomu 34A, si rasmi. Vituo 12,480 kati ya 46,229, kaunti 47. Saa 6:40 usiku." Mkisimama kupumzika au kuhakiki, andikeni hivyo. Ubao ulioganda bila maelezo huzaa uvumi haraka kuliko namba iliyokosewa.

Mtangazaji aseme "anaongoza kwenye fomu tulizojumlisha". Neno "ameshinda" kwa urais ni la mwenyekiti wa tume pekee. Kwa mbunge ni msimamizi wa uchaguzi wa eneobunge, na kwa gavana ni wa kaunti.

Mstari wa nusu

Mshindi wa urais katika raundi ya kwanza anahitaji zaidi ya nusu ya kura, na angalau robo ya kura katika kaunti 24. Asilimia hupigwa kwa kura halali. Hivyo ndivyo Mahakama ya Juu ilivyoamua mwaka 2013. Mwaka 2022 William Ruto alipata 7,176,141 kati ya kura halali 14,213,137, na Raila Odinga 6,942,930. Tofauti yao ni 233,211, lakini Ruto aliuvuka mstari wa nusu kwa 69,572 tu. Wastani wa kituo ulikuwa kura 307, kwa hiyo ziada hiyo ni sawa na kura zote za vituo 226 hivi. Fungu lenu la fomu zisizosomeka likiwa na 300, hamwezi kusema lolote kuhusu raundi ya pili katika uchaguzi wa namna hiyo, hata mkiwa mmefika asilimia 99.

Asilimia 99 hiyo mtaifikia mapema kuliko tume, na watazamaji watauliza kwa nini hatangazwi mtu. Waelezeni mlolongo: 34A za vituo hujumlishwa kwenye eneobunge kuwa 34B, wasimamizi 290 huzileta Nairobi, mawakala huzipitia, ndipo 34C, ya taifa zima, ijazwe. Mwaka 2022 kura zilipigwa Jumanne, Agosti 9, na tangazo likatolewa kwenye ukumbi wa Bomas, Nairobi, Jumatatu, Agosti 15. Katiba inaipa tume siku saba. Wekeni timu ya zamu kwenye ukumbi wa taifa tangu Jumatano, yenye kazi moja: kila 34B inayosomwa, ilinganishwe na jumla yenu ya eneobunge hilo. Zikitofautiana, kwanza tafuteni kituo mlichokiruka. Mara nyingi kipo.

Baada ya tangazo kuna siku saba za kufungua kesi na siku 14 za Mahakama ya Juu kuamua. Picha za fomu, maingizo ya makarani wote wawili na kumbukumbu za nani alibadilisha nini saa ngapi zikae kwenye diski mbili, moja nje ya jengo, hadi hukumu isomwe. Kompyuta za kukodi zirudishwe baada ya hapo.