Chagua tarehe kabla ya kufungua rangi

Ukiunda modeli ya manowari ya kubeba ndege ya Vita vya Pili, amua kwanza ni siku gani unayoionyesha. Meli hizi zilibadilishwa rangi, mizinga na ndege mara kwa mara, kwa hiyo kutaja jina tu la meli, kama "USS Hornet" ya Marekani, hakutoshi.

Chukua Aprili 18, 1942, siku ya shambulio la Doolittle, ambapo ndege za Marekani ziliruka kutoka Hornet kwenda kushambulia Japani. Juu ya sitaha kulikuwa na ndege 16 za mabomu aina ya B-25, na ya mwisho mkia wake ulining'inia nje ya tezi, yaani nyuma ya meli. Ndege za meli yenyewe zilikuwa zimeshushwa chini, basi usizipange juu hata kama zimo kwenye boksi. Sitaha ilikuwa ya mbao, lakini imepakwa buluu; usiiache kahawia.

Halafu kuna ile mistari miwili myeupe ya kuwaongoza marubani, mmoja wa gurudumu la mbele na mwingine wa gurudumu la kushoto, ili bawa la kulia lisiguse mnara wa kuongozea meli ulio upande wa kulia wa sitaha. Kwenye kipimo cha 1/700 (modeli ndogo mara 700 kuliko meli halisi) usijaribu kuichora kwa brashi. Paka nyeupe kwanza, ikauke kabisa. Kata tepu nyembamba kama uzi kwa wembe juu ya kioo, ibandike, kisha paka buluu juu yake na uibandue taratibu rangi ikiwa bado haijakakamaa. Inatoka imenyooka, inapendeza mno! Fanya yote haya kabla ya kugandisha mnara, maana ukishakaa hapo mkono haupiti.