Ndugu yako kakamatwa nje, wanasema ni jasusi: anza hivi

Akishikwa kwa ushuru au kwa ugomvi wa baa kila mtu anajua pa kuanzia, unatafuta hela, unatafuta mtu anayemjua OC, mkuu wa kituo cha polisi, basi. Lakini likitajwa neno jasusi nyumba nzima inaganda, hata jirani anaacha kukusalimia. Shemeji yangu anauza spea za pikipiki, alishikwa nchi jirani akakaa siku 11, na siku ya tatu tu tovuti moja ya kule, zile zinazoimba kile serikali inataka kusikia, ikamtoa amevaa koti la madoadoa ya jeshi, "komando wa Kampala". Koti la mtumba la Owino jamani! Ni kweli hapa kwetu Uganda raia kuvaa nguo za jeshi ni kosa, lakini toka koti mpaka ujasusi ni safari ndefu. Picha waliitoa Facebook ya mke wake.

Kwa hiyo kabla hujampigia mtu yeyote fungeni kurasa zote, za kwake, za mke, za watoto. Fungeni, msifute, maana ukifuta watasema mnaficha ushahidi. Grupu la WhatsApp la ukoo nalo lisimamishwe kidogo, kule ndani lazima kuna mjomba mmoja anayefowadi kila kitu. Chagueni msemaji mmoja, na asiwe yule mwenye hasira.

Halafu ubalozi. Kampala unaenda wizara ya mambo ya nje pale Apollo Kaggwa Road, na barua iliyoandikwa, usiende na maneno matupu, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Mkataba wa Vienna wa 1963 kifungu cha 36 unawapa maafisa wa ubalozi haki ya kumtembelea, ila waliomshika wanalazimika kuuarifu ubalozi pale yeye mwenyewe akiomba, sasa wengi hawajui waombe nini. Mwambieni loya wa kule akimwona tu amkumbushe aombe. Na kama ana uraia wa nchi mbili na aliingia kule kwa pasi ya kule kule, jiandaeni, wanaweza kusema huyu ni wetu ubalozi hauhusiki. Iran ndivyo wanavyofanya.

Iran hiyohiyo ina somo lingine, na hili naomba msome mara mbili. Siamak Namazi, mfanyabiashara mwenye uraia wa Marekani na Iran, alikamatwa Oktoba 2015. Baba yake Baquer, mzee wa karibu miaka 80 aliyewahi kufanya kazi UNICEF hapa hapa Somalia na Kenya, akapanda ndege Februari 2016 akijua anaenda kumwona mwanawe, akashikwa alipofika. Oktoba 2016 wote wawili wakapewa miaka 10, na chombo cha habari cha mahakama yenyewe, Mizan, kikarusha video ya Siamak kainua mikono, na muziki wa kutisha juu. Mwana alitoka Septemba 2023. Kwa hiyo ukipigiwa simu "njoo umwone, njoo usaini karatasi ndogo tu", usiende. Mtume loya.

Sasa kazi kubwa, mimi naona hapa ndipo familia nyingi zinapoteza muda kulia: makaratasi. Jasusi wa gazetini hana risiti, mfanyabiashara anazo. Kusanyeni usajili wa biashara wa URSB, TIN (namba ya mlipakodi) ya URA, fomu za forodha, invoisi, stetimenti ya mobail mani, tiketi za basi, hata daftari la madeni. Sisi lile daftari ndilo lilisaidia, chafu, lina mafuta ya gia kila ukurasa, limeandikwa nani anadaiwa cheni ngapi na tairi ngapi kwa miaka minne. Loya alilipeleka lilivyo. Ukivuka kwa kitambulisho tu hakuna muhuri kwenye pasi, kwa hiyo zile tiketi za basi zinasaidia kuonyesha alisafiri lini na alipitia wapi.

Magazeti yao msiyajibu. Najua inauma, ila kila jibu linawapa habari ya kesho. Badala yake piga skrinshoti ya kila habari, tarehe na anwani ya ukurasa zionekane, maana mtu akiitwa jasusi kabla hajafika kwa hakimu hiyo ni hoja ya kesi. Kuna kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa cha watu waliofungwa kiholela, kiko Geneva, ndugu anajaza fomu bila kulipa kitu. Kesi ya Namazi ilipita huko na 2017 wakasema kifungo kile hakina msingi. Hawana funguo za jela, lakini huiandikia serikali na kuitaka ijibu.

Kama aliyemshika ni nchi ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, mahakama ya Jumuiya iliyoko Arusha haikulazimishi kumaliza kwanza mahakama za kule, ila una miezi miwili tu, na hapa Kampala wana ofisi ya kupokelea kesi. Plaxeda Rugumba alienda kwa ajili ya ndugu yake, mwanajeshi aliyeshikiliwa Rwanda bila kufikishwa mahakamani, na Desemba 2011 akashinda. Andika siku aliyoshikwa kwenye kalenda, ukutani.

Kelele au kimya? Maafisa watakwambia nyamaza tunashughulikia. Mimi nawapa wiki mbili hivi, baadaye naanza kuongea. Ila angalia hali ya hewa: 2019 mpaka wa Katuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulipofungwa, magazeti ya pande zote mbili yalikuwa yanatafuta jasusi kila asubuhi, na mpaka ukaja kufunguliwa Januari 2022. Wakati kama huo kelele yako wataitumia wanasiasa, bora upitie wazee wa dini au wafanyabiashara wenzake wa upande ule.

Siku akitoka asiondoke bila karatasi ya kuachiwa. Shemeji aliondoka mbio, furaha, na ile habari ya komando bado iko mtandaoni, kila mpaka akawa anaulizwa na hana cha kuonyesha. Ilibidi tumlipe loya tena kuifuata ile karatasi.